Breki ya Mguu wa Kushoto

Nisikilizeni mimi. Kaka yangu ukimwacha asimulie mwenyewe, atakwambia binti yake ni mkaidi, kaondoka nyumbani kwa hasira za bure, na chanzo chote ni pikipiki. Pikipiki haikumkosea mtu. Mimi nilikuwepo, nimekaa kwenye kiti changu cha plastiki palepale uani, na niliyoyaona sitayameza ili mtu mzima aonekane msafi.

Binti mwenyewe tunamwita Spana. Jina hilo alipewa na mafundi wa nguo, kwa sababu kazi yake ni kutengeneza cherehani. Anapita duka hadi duka na sanduku la chuma la vyombo vyake, anaingia, anasalimia, anaomba wamzungushie gurudumu polepole, anainamisha sikio, halafu anasema, "Sindano inashuka mapema," na hapo hapo anaanza kufungua. Si mtu wa maneno mengi. Hajaolewa, na ukimuuliza atakwambia bado anatafuta mwanamume asiyepiga kelele, na mimi ninayewajua wanaume namwambia atafute vizuri. Bega lake la kulia limeshuka kidogo kwa ajili ya lile sanduku. Mafundi wa vijiji vya mbali walikuwa wakimpigia simu kila mara, cherehani zao zimelala, naye anawajibu kwamba hawezi kufika. Magari ya abiria hayaendi huko, na vipuri vizito havibebeki kwa mkono.

Sasa pikipiki. Kaka yangu ujana wake wote alikuwa mkaguzi wa laini za simu, zile za nguzo na nyaya. Alipewa pikipiki ya Kiingereza, silinda moja, tangi jeusi lenye mstari wa dhahabu, na kampuni ilipohamia kwenye magari wakamwachia. Akaipa jina Bi Mkubwa. Ilikuwa haiachi kuvuja mafuta, na kwa kuwa aliilaza sebuleni isije ikaibwa, marehemu wifi yangu alikuwa akisema yeye hana shida na mke mwenza, shida yake ni mke mwenza anayekojoa sebuleni. Miaka ikaenda, pistoni ikagoma njiani, kaka akaikokota mpaka nyumbani, akaifunika magunia stoo, na kuku wakapata pa kutagia.

Wifi alipofariki nilihamia pale, mjane kwa mgane, kumpikia kaka na kugombana naye ili asinyamaze sana. Maana alikuwa amenyamaza kweli. Anakula bila kujua anakula nini. Jumapili moja Spana akatoka stoo, mikono imejaa vumbi na manyoya, akasimama mlangoni mwa jikoni.

"Baba, ile pikipiki naifungua."

Kaka alikuwa na kijiko mkononi. Akamtazama, nadhani kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

"Ukiifanya ingurume, ni yako," akasema. "Shangazi yako shahidi."

Nikasema nimesikia. Nikamwongezea mchuzi. Hayo ndiyo yaliyosemwa, na hayakusemwa kwa utani.

Walimtandikia Bi Mkubwa turubai kwenye baraza ya nyuma, na kila kilichofunguliwa kikapangwa kwenye masinia yangu. Nililalamika wee mpaka nikachoka. Tatizo la kwanza lilikuwa spana zenyewe. Spana zetu hizi za kawaida hazikukubali nati za Kiingereza, hii inapwaya, inayofuata haiingii kabisa. Kaka akaenda chumbani, akarudi na spana zake za zamani zilizoviringwa kwenye kitambaa, zilizokuja na pikipiki. Akampa binti yake. "Hizi haziingii popote pengine," akamwambia. Moja ilikuwa imepotea, basi Spana akachukua ya kawaida na kuikwangua kwa tupa jioni nzima mpaka ikaingia.

Pistoni ilitoka kwa mafuta ya taa na subira. Silinda ilipelekwa kwa fundi wa leze ikachongwa, ringi zikapatikana kwenye pampu ya maji iliyokufa, na gasketi Spana alizikata mwenyewe kwa mkasi wangu wa vitambaa, mkasi ambao mpaka leo haukati kitu. Sahani za klachi zilikuwa na vipande vya koki, ule mti laini wa vizibo, vilivyooza. Akaenda hotelini kuomba vizibo vya chupa za mvinyo, akavikata kimoja kimoja kwa wembe, akavipachika. Jirani alituona na mfuko mzima wa vizibo, akaanza kutusalimia kwa huruma.

Kaka hakushika hata nati moja. Vidole vyake vina baridi yabisi, kikombe tu kinamshinda. Yeye alikaa kwenye kigoda na kuongea. Yote aliyokuwa ameyanyamazia yalimtoka pale: nguzo zilizoanguka na mvua, nyuki aliowakuta kwenye sanduku la simu, siku aliyombeba wifi akiwa mjamzito na Bi Mkubwa ikazima katikati ya mto. Spana anafungua, yeye anasimulia. Nilikuwa nikiwasikia kutoka jikoni nacheka peke yangu. Nyumba ilikuwa imerudi kuwa nyumba.

Kilichompa kazi kumfundisha ni miguu. Pikipiki hizi za siku hizi, breki ya nyuma iko mguu wa kulia na gia iko kushoto. Bi Mkubwa ni kinyume. Gia kulia, breki kushoto. Kaka alimketisha Spana juu yake ikiwa imesimamishwa kwenye stendi, akamwambia afumbe macho. "Breki," anasema, na Spana anakanyaga kwa mguu wa kushoto. "Gia," naye anagusa kwa kulia. "Breki. Breki. Gia. Breki." Mguu ukikosea, kaka anagonga kigoda kwa kiganja. "Umeshaua mbuzi wa watu," anamwambia.

Ikawa mchezo wa nyumba nzima. Tuko mezani tunakula, kaka anasema ghafla, "Breki," halafu anainama kuchungulia chini ya meza aone ni mguu wa nani uliosogea. Spana hakukosea tena. Mimi mwenyewe, mwanamke wa umri wangu ambaye sijaendesha hata baiskeli, mguu wangu wa kushoto ulikuwa unaruka. Na kaka mwenyewe pia, hakuweza kujizuia. Akilitaja tu hilo neno, kandambili yake ya kushoto inapiga sakafu. Tulikuwa tunacheka mpaka chakula kinapoa.

Siku iliponguruma, ilikuwa asubuhi na nilikuwa naanika nguo. Bi Mkubwa haina ufunguo. Unafungua petroli, unabonyeza kidude cha kabureta mpaka ichuruzike, unarudisha nyuma kile kiwiko kidogo kwenye usukani kinachochelewesha moto wa plagi, unatafuta pale teke linapokuwa gumu, halafu ndiyo unapiga. Ukisahau kile kiwiko, teke linakurudia kwenye muundi. Spana alipiga mara chache, ikakohoa, ikanyamaza, ikakohoa, halafu ikashika. Du du du du, mpaka mashuka yangu kwenye kamba yakatikisika. Akaizungusha mtaa mzima, akarudi, akasimama kwa mguu wa kushoto mbele ya baba yake bila kumrushia hata vumbi. Kaka alikuwa analia, hafichi.

"Imenguruma," akasema Spana.

"Imenguruma, mwanangu," akasema kaka.

Hakusema zaidi ya hapo. Mimi nilidhani ni machozi.

Spana akampelekea mchomea vyuma michoro ya keria ya nyuma, pana, yenye ukingo, ya kutosha sanduku lake na kichwa cha cherehani pembeni. Ikaletwa, akaifunga. Akawapigia wale mafundi wa mbali akawaambia wajiandae, anakuja. Sijawahi kumsikia akiongea na simu kwa furaha vile. Alikuwa anatembea ukumbini huku na huku, anacheka na watu.

Hapa inabidi niwaambie habari za kaka yake. Mtoto wa kwanza, tunamwita Bosi tangu akiwa mdogo kwa vile alipenda kukaa kiti cha baba yake. Si mtoto mbaya. Anafanya kazi ofisini jiji la mbali, anavaa vizuri, anapiga simu sikukuu. Alikuwa amechumbia, na wakwe walikuwa watu wazito, wenye magari mawili na uzungumzaji wa taratibu. Siku ya kuja kututembelea ilipangwa, na kaka yangu akaanza kukosa raha. Anatazama kochi letu lililotoboka, anatazama dari lenye madoa ya mvua. Ukimuuliza anasema hana neno.

Siku chache kabla ya wageni, akamwambia Spana, "Hebu ing'oe hiyo keria kwanza. Inaiharibu sura. Wageni wakija ionekane safi."

Spana akaing'oa. Akang'arisha tangi kwa kitambaa laini, akapitisha brashi ndogo kwenye kila spoku. Kaka yuko kigodani anamsifu, eti binti yangu hana mfano, binti yangu ana mikono ya dhahabu. Alikuwa anampaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na mimi nimekaa hapo hapo nachambua mboga, sioni kitu. Nikikumbuka nataka kujizaba kibao.

Wageni wakaja. Walikula, walinywa, mama mkwe akasifu nyanya zangu. Halafu kaka akasimama, akakohoa, akatuomba wote twende uani. Bi Mkubwa ilikuwa imesimama katikati, jua linapiga kwenye mstari wa dhahabu. Kaka akaushika mkono wa Bosi akauweka juu ya usukani.

"Mwanangu," akasema, "sina kikubwa cha kukupa mbele ya wakwe zako ila hii. Pikipiki ya ujana wangu. Nimeihangaikia muda mrefu niirudishe kama ilivyokuwa, ili siku kama ya leo niikabidhi kwa mwenye jina langu."

Watu wakapiga makofi. Mimi nilimtafuta Spana. Alikuwa amesimama karibu na karo la kufulia, ameshika kile kitambaa laini cha kung'arishia. Hakulia. Alimtazama baba yake kana kwamba anasubiri amalizie sentensi, na sentensi ilikuwa imeisha. Nilimsogelea kaka nikamvuta shati. Nikamwambia chini chini, "Kaka, unafanya nini? Ulimwahidi nani?"

"Sio sasa, mdogo wangu," akajibu, midomo inatabasamu kwa wageni.

Baadaye nilikuja kumuuliza Bosi kama alijua. Akaniambia baba alimhakikishia kwenye simu kwamba Spana ameridhia, kwamba yeye hana haja nayo, alikuwa anajifunza tu. Naamini. Bosi hana akili ya kutunga uongo wa namna hiyo.

Basi wakwe wakataka waone inavyokwenda. Bosi akavua koti, akapanda, akapiga teke. Teke likamrudia. Nilisikia muundi ukilia. Akacheka ili watu wacheke, akapiga tena, kimya. Jasho likaanza kumtoka. Na hapo ndipo kaka yangu, bila haya usoni, akageuka kule karoni.

"Spana, njoo umwashie ndugu yako."

Akaja. Mimi ningekuwa yeye ningeweka sukari kwenye tangi, lakini yeye alikuja. Akabonyeza kidude, akarudisha kiwiko, akaitafuta, akapiga. Bi Mkubwa ikashika kwa teke moja. Halafu akamwinamia kaka yake sikioni, kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia juu ya mngurumo. "Gia ni mguu wa kulia, ya kwanza unainua juu, zinazofuata unakanyaga chini. Breki ni kushoto. Usisahau, breki ni kushoto."

"Nimeendesha pikipiki chuo kizima," akasema Bosi, lakini kwa upole. "Nimekusikia, dada."

Akatoka getini vizuri tu. Tulimsikia akifika mwisho wa mtaa, akageuza, akarudi. Wageni walikuwa wamejaa getini na simu zao wanapiga picha, na dereva wao akawa anarudisha gari nyuma ampishe. Bosi akaliona gari, akashtuka, na mguu wake ukafanya ulichozoea. Ukakanyaga kulia. Bi Mkubwa ikapokea gia ya juu, ikaruka mbele badala ya kusimama. Akakanyaga tena kulia, kwa nguvu zote. Akakata kona, akaingia kwenye rundo la matofali ya jirani.

Hakufa, nashukuru. Kifundo cha mkono kiliteguka, suruali ikapasuka mahali ambapo mama mkwe alilazimika kutazama pembeni. Lakini fomu za mbele, zile zinazoshika gurudumu, zilikuwa zimepinda, na tangi, lile tangi jeusi, lilikuwa limebonyea ubavu mzima. Petroli ikawa inadondoka kwenye vumbi. Spana ndiye aliyeifunga.

"Breki hazishiki," akasema Bosi akiwa chini. "Nimekanyaga, nimekanyaga, hazishiki."

Baba mkwe akamtazama kaka yangu. Alimtazama kama mtu anayeuliza umempa mkwe wangu mtarajiwa kitu gani. Na kaka yangu akatazama matofali, akamtazama mwanawe, akatazama wale watu na magari yao. Akasema:

"Huyu dada yake ndiye aliyezifunga. Kazifunga kinyume. Breki huwa kulia, kila mtu anajua."

Kumnyima pikipiki, sawa, tungegombana, tungenuniana, yangepita. Lakini hili. Mtu aliyemfumbisha mtoto macho na kumwambia kushoto, kushoto, kushoto, mpaka miguu yetu sote ikaanza kuota ndoto za kushoto.

"Kaka, unaongopa," nikasema, na sikupunguza sauti. "Umenibeba kwenye hiyo pikipiki nikiwa msichana. Breki yake ni kushoto tangu imetengenezwa."

Akanigeukia kwa upole ule wa kuzungumza na mgonjwa. "Umri, mdogo wangu. Umesahau."

Wageni wakatikisa vichwa kwa adabu. Mama mkwe akanishika mkono, eti twende ndani nikapumzike. Spana alikuwa anakusanya vipande vya taa ya mbele kwenye kile kitambaa, polepole, asije akakatwa na kioo.

Nilidhani kaka ataona aibu kesho yake. Aliona, lakini aibu yenyewe ilimpeleka kubaya zaidi. Tuko mezani na chai, akasema bila kuinua macho, "Spana, ukiinyoosha, uihamishe na hiyo breki. Iweke kulia, kama pikipiki za watu wote. Wakwe wakija tena waone kosa limerekebishwa."

Nikasubiri acheke. Hakucheka. Alikuwa anamtaka binti yake achomelee uongo wake mpaka uwe kweli.

Spana akaweka kikombe mezani. Akaenda chumbani, akatoka na begi na lile sanduku lake la chuma, bega limeshuka upande. Akanibusu mimi. Mlangoni akamwambia baba yake, "Kama ungeniomba nimpe kaka, ningempa." Akatoka. Sasa amepanga chumba kimoja nyuma ya maduka ya mafundi wa nguo, na wale mafundi wa mbali wamempata mtu mwingine mwenye gari. Ndoa ya Bosi ipo, haijavunjika. Kwa hiyo kaka alipata alichotaka.

Spana aliporudi ilikuwa mara moja tu, mchana, kuchukua cherehani ya marehemu mama yake iliyobaki pale nyumbani. Nilimfungulia mimi. Tukapita baraza ya nyuma, na pale tukamkuta kaka. Alikuwa amepanda juu ya Bi Mkubwa ikiwa kwenye stendi, na tangi lake lililobonyea na fomu zimepinda, mikono yake ya baridi yabisi imeshika usukani. Alikuwa ametupa mgongo. Hukaa hapo siku hizi, hasomi, haongei. Nilitaka kumwita lakini Spana akanigusa bega ninyamaze.

Alikuwa ameshika zile spana za Kiingereza, zimeviringwa kwenye kitambaa chake. Akasogea mpaka nyuma yake kabisa.

"Breki," akasema.

Mguu wa kushoto wa kaka yangu ukakanyaga. Palepale, kabla hajajua ni nani aliyesema. Kandambili ikapiga chuma, na taya la breki likalia gurudumuni. Halafu akagundua. Akauangalia ule mguu, na hakuutoa, wala hakugeuka.

Spana akaweka zile spana juu ya tandiko nyuma yake. Akasema, "Shikamoo, baba." Akasubiri kidogo aitikiwe. Kisha akaenda chumbani kwa mama yake, akainua cherehani mwenyewe, akatoka nayo kwa mlango wa mbele.